Sauti Uliyomtumia Mama

Nyumbani,
Jumapili, 6 Machi 2022.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je? Wifi anasema bado unabeba magunia ya unga hapo kiwandani kama kijana wa miaka ishirini. Jihurumie, kaka. Sisi hatujambo, ingawa ni uzima wa kujikongoja.

Nimeona nikuandikie maana kwenye simu tungegombana, na mama hakosi kutega sikio.

Mwanangu mkubwa ametoka hospitali alikolazwa kwa corona. Anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha anakaa apumue. Unaijua pumu yake. Wenzake darasani waliochanjwa, wengine waliugua pia, lakini wakarudi shuleni mapema. Yeye aliwekewa oksijeni. Nilikaa nimemshika mguu, maana mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa. Niliogopa, kaka. Sijawahi kuogopa vile.

Hakuchanjwa kwa sababu ya ule ujumbe wako wa sauti: "Msiwaguse watoto, sindano hiyo inaharibu moyo." Mama ameukariri. Jirani akija, anamwekea asikilize. Nikifungua mdomo naambiwa, "Kifungua mimba wangu hawezi kunidanganya." Baba watoto naye, mbele ya mama mkwe wake, anatazama dari tu.

Sasa wifi alipopiga kumjulia hali mgonjwa, ulimi ukamteleza. Kumbe mmechanjwa nyote, hata mwanenu! Kumbe kijana alibanwa na kifua baada ya sindano ya pili, ukashikwa na hofu, ukaturekodia siku ile ile. Daktari akamfuatilia, akapumzishwa, akapona, na sasa anacheza mpira. Hilo la kupona mbona hukuturekodia?

Kwa hofu yako sikulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimuuliza muuguzi wa wodini, naye hakunificha: yapo matatizo hayo ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, lakini ni nadra, na wengi hupona. Corona yenyewe huudhuru moyo mara nyingi zaidi. Akasema pia aliyechanjwa anaweza kuugua bado, ila si rahisi afike kule alikofika mwanangu.

Amebaki mdogo wake, huyu tunayemwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Ana miaka kumi na mitatu na pumu ile ile. Siku hizi hasemi sana. Anakaa karibu na dada yake, anamsikiliza anavyopumua. Wauguzi wa chanjo watafika shuleni kwao mwezi ujao, na mama ameshasema mtoto haendi.

Nakuomba, kaka, mrekodie mama ujumbe mwingine. Mwambie yaliyompata mwanao, yote, mpaka alivyopona. Mimi nikisema naonekana mkaidi. Wewe akikusikia atatulia.

Msalimie wifi, na tafadhali usimgombeze. Mpe pole na hongera mwanangu mcheza mpira. Mama anakusalimu na kukuombea kila siku. Mungu awalinde huko mliko, awape riziki isiyovunja mgongo.

Ukimrekodia mama, Kasuku ataenda kuchanjwa na baraka za bibi yake. Usipomrekodia, ataenda na mimi.

Ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Dada yako.