Hitima ya Mtu Aliye Hai

Bibi yangu,

Nimeolewa! Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, nawe ukanitangulia kuondoka. Mume wangu ni Hamad, yule seremala wa Chokocho uliyesema ana mikono mizuri na maneno machache. Maneno anayo, Bibi, ila huyaweka mpaka tubaki wawili. Asubuhi akiniita "mke wangu", kikombe cha chai kinataka kuniponyoka. Nisamehe, nacheka peke yangu hata sasa.

Lakini leo nimekaa kuandika kwa hasira. Yule mtu kaja.

Unamkumbuka Dula Habari, msemaji wa mastaa, aliyetangaza kwamba yule mwigizaji wako amefariki? Ulimlilia kama uliyemzaa. Ukasema, "Kafa mbali na kwao, nani atamsomea?" Ukawaita wanawake wa mtaa, tukagawana juzuu, ubani ukafuka, ukapika mkate wa kumimina kwa mikono yako. Keshoye staa huyo kwenye simu, kajitia wanja, anacheka, anatangaza filamu yake mpya. Ilikuwa kiki tu, ya kuiuzia filamu. Ukaniuliza, "Kiki ndiyo nini, maradhi?" Ndiyo, Bibi. Maradhi.

Walikucheka. Mzee Kombo wa dukani akipaza sauti kila ukipita: "Bibi, nisomee na mimi kabisa! Nikifufuka n'takuletea samaki!" Nawe ukijibu bila kugeuka: "Dua haiozi. Ataoza aliyesema uongo."

Basi ameanza kuoza. Sauti yake imevuja, watu wamemsikia akipanga kuwazushia vifo wasanii wengine. Mastaa wamemkimbia; hata yule wako anasema hamjui. Sasa anajitengenezea filamu ya maisha yake, eti yeye ndiye aliyeonewa. Na katika filamu hiyo anakutaka wewe.

Alifika Mtambile na kamera. Nywele kapaka piko ajifanye kijana, na kwa joto lile piko likamchuruzika mpaka kwenye ukosi. Viatu vyake vyeupe akavipitisha juu ya jamvi la karafuu zetu kana kwamba ni zulia alilotandikiwa. Alitaka nilie mbele ya kamera, niseme Bibi yangu alikufa kwa aibu ya hitima ile, kisha yeye aingie, anikumbatie, aombe radhi. Anikumbatie! "Watazamaji watanisamehe," alisema. Wewe uliyekufa kwa presha, usingizini, umeshasali Isha! Mauti yako anayataka yawe sabuni ya kujiogeshea.

Akamgeukia Hamad kwa bashasha: "Kaka, mkeo ana sura ya filamu."

Hamad wangu akajibu, "Najua. Ndiyo maana nimemuoa." Bibi, nilikuwa katikati ya hasira, na bado nikayeyuka.

Nikamwambia Dula: "Bibi yangu alimwombea mtu asiyemjua. Wewe ulimjua, ukamzika akiwa hai. Aibu ni yako, wende nayo." Hakuona haya. Alisema bibi wa kuigiza hakosekani. Anachohitaji ni jina la marehemu tu, aliandike mwanzoni kwa herufi kubwa. Bila jina la kweli hakuna atakayemwamini tena.

Jina lako si siri, mtaa mzima unalijua. Akenda dukani kuuliza, nami nikamfuata. Mzee Kombo, yule yule mwenye ulimi, akalitazama piko linavyoshuka, akasema, "Akiitwa Bibi."

"Jina lake hasa?" Dula akauliza.

"Bibi."

Akawauliza wanawake waliokuja kununua sukari. "Sie tukimwita Bibi." Mmoja akaongeza, "Na wewe waitwaje, baba, mbona wavuja?" Duka zima likaangua kicheko. Mpaka gari yake inaondoka, hakuna aliyemtajia. Wale wale waliokucheka, Bibi. Wote.

Na aimalize filamu yake bila wewe. Pumzika, kipenzi changu cha mwanzo, Mungu akulaze mahali pa nuru. Nakuahidi jina lako halitakuwa la kumsafishia mtu uso. Nimeshamwambia Hamad, naye kakubali huku akiona haya: tukijaaliwa binti, akishaadhiniwa sikioni, jina atakaloitwa ni lako.

Mjukuu wako