Bunduki ya Babu na Kesi ya Luxembourg

Podlesje, Jumatatu

Mpendwa Kaka Jernej,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Natumaini u mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi hatujambo, isipokuwa mama na kikohozi chake, anachokitibu kwa asali na ukaidi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi kila nikishika simu, baba hupata kazi ya kufanya karibu nami.

Bila shaka huko Graz umesikia kwamba nchi yetu imeshtakiwa. Umoja wa Ulaya umetupeleka mahakamani Luxembourg kwa sababu zile kanuni za pamoja za silaha serikali yetu imezikalia tu. Linalowauma watu hapa ni zile bunduki zilizouawa, kama ya babu ya wakati wa vita inayoning'inia juu ya jiko: mtutu umezibwa kwa chuma ili isifyatue tena. Sheria ikipita, kila moja itapelekwa kwa fundi wa serikali aikague kama imekufa kweli.

Basi chama cha wawindaji kimechafuka. Wameamua kwamba lazima yuko mtu wa hapa aliyetuchongea Brussels. Nimewaeleza mpaka nimechoka kwamba mchongezi hakuhitajika: serikali ilitakiwa kutoa taarifa kuwa sheria imepitishwa, haikutoa, ikashtakiwa. Hawasikii. Wanataka sura ya mtu, na wameipata ya mume wangu Boštjan, eti kwa kuwa anatafsiri nyaraka za Umoja huko Ljubljana. Mwaka mzima amekuwa mwanagenzi wao, akipeleka mlimani chumvi ya kulambwa na paa na kufyeka njia. Ijumaa watapiga kura, wampokee au wamfukuze. Unakijua kijiji chetu. Akifukuzwa, hata dukani hatasalimiwa. Ameshaanza kuzungumzia kuhama, na mimi nyumba hii siwezi kuiacha.

Anayewachochea ni baba. Juzijuzi mezani alisema mbele ya Boštjan mwenyewe: "Kuna watu wanakula nyama yetu, halafu wanakwenda kutuuza kwa makaratasi. Hebu nipe chumvi, bwana mtafsiri." Boštjan akampa chumvi. Mimi nilitamani kupindua meza.

Nikaanza kumtilia shaka baba. Mama husema mimi hunusa hata maziwa niliyokamua mwenyewe, na ni kweli. Baba hana tena bunduki za kuwindia. Alizirudisha polisi daktari alipokataa kumpitisha kumiliki silaha kwa sababu ya macho yake. Sasa kesi ya Luxembourg inamkera nini hivyo?

Jumamosi alirudi kutoka msituni, alikodai kwenda kuokota uyoga. Kikapu kilikuwa kitupu. Lakini kwenye kofia, upande wa kulia, alikuwa amechomeka kitawi cha msonobari chenye doa la damu. Kaka, sisi tumekulia ndani ya desturi hiyo. Mnyama akianguka, mwindaji humtia kitawi mdomoni, kiwe tonge lake la mwisho, na kingine hukigusisha jeraha na kukivaa. Mwizi mwingine wa paa angerudi na kofia tupu. Baba hakuweza. Kudanganya nyumba nzima kwake ni rahisi kuliko kumnyima paa heshima yake.

Nikatazama juu ya jiko. Bunduki ya babu haikuwapo. Baba alipoingia kuoga nilikwenda ghalani, nikaikuta chini ya magunia. Ilinuka baruti. Nikachungulia ndani ya mtutu, nikaona mwanga upande wa pili: kile chuma cha kuuziba hakimo.

Ile si kazi ya baba, ambaye hata msumari hupindika mkononi mwake. Pasaka uliibeba wewe, ukasema unakwenda kuking'arisha kitako. Mwenye mashine ya kukereza chuma katika ukoo huu ni wewe. Nimekuuliza habari za mgongo, na muda wote huo nilikuwa na hili moyoni. Nisamehe, sikujua pa kuanzia.

Baba alinikuta nayo mikononi. Hakukana. Alikaa juu ya gunia, akasema taratibu: "Usimsumbue kaka yako, Neža. Mimi alinifanyia bure. Wengine ndio wanaomlipa."

Ni nani hao wengine, Jernej? Mzee anayekitamani kitoweo cha msituni kabla macho hayajazima, huyo namwelewa, hata kama nimemkasirikia. Lakini mtu anayelipa bunduki iliyouawa ifufuliwe kwa siri, huyo hataki paa. Naogopa, na ninayemwogopa ni wewe, uliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Ijumaa, kabla ya kura, nitaiweka bunduki hii mezani mbele ya chama chote. Nimemwalika na polisi wa tarafa, na baba nimeshamwambia. Kama zipo nyingine, njoo uzitaje kwa kinywa chako kabla sijafungua changu. Ukija nitasimama kando yako. Usipokuja, nitasema yote ninayoyajua, kwa maana mume wangu hatabeba mzigo wenu.

Boštjan anakusalimu, bado hajui kitu. Mama naye anakusalimu sana. Nimemwambia utakuja Ijumaa, na sasa hivi yuko juu anakutandikia kitanda.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Neža