Asali Yetu Huganda

Jumanne, jioni

Kwa nini niifute? Mwenyekiti wa ushirika wetu ameikata kwa kalamu nyekundu sentensi niliyoipenda kuliko zote kwenye kipeperushi alichoniagiza niandike: "Asali yetu huganda wakati wa baridi; weka chupa kwenye maji ya moto, italainika."

"Mteja atadhani tumetia sukari, binti yangu," alisema. "Andika haigandi kamwe. Asali safi, asilia, namba moja."

Maneno hayo yamebandikwa kwenye kila chupa madukani pale Kanyenye, hata zile zenye sukari kweli!

Baba anarina asali huko msituni Ipole tangu sijazaliwa, na yake huganda kila mwaka. Leo niandike haigandi, nimgeuze yeye tapeli?

Chai ikaletwa pale ofisini kwake. Mwenyekiti akafungua kabati, akatoa chupa yake mwenyewe, imeganda kama samli. Akachomeka kijiko, kikasimama wima.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Hii siuzi."

Nikaomba kuipiga picha. Akakubali, tena kwa majivuno.

Naogopa kufukuzwa kazi, sikatai. Lakini kesho kipeperushi kinakwenda kuchapwa na picha ile mbele, sentensi yangu chini yake. Akitaka kuifuta, aanze na kijiko chake.