Bendi ya Kiangazi na Ngoma za Kina Mama

Buigiri,
14 Machi 1995

Mwanangu Elisha,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Dodoma mjini. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halijawahi kupenda mvua. Mtama umeshika vizuri.

Nimefanya uliloniomba. Unajua siupendi muziki wenu. Zile kanda za vijana wa Kiingereza alizowaachia yule mwalimu wa kujitolea nilizisikia mwaka mzima kupitia ukutani, na mpaka leo sielewi kwa nini magitaa mawili yapigwe kama watu wanaogombana. Wenzenu wanapiga muziki wa kucheza. Ninyi mmefufua kitu ambacho hata wenyewe, kwa maneno yako, walikwisha kukiacha. Hata hivyo wimbo wenu wa kisima kisichochimbwa unasema kweli, na kweli naiheshimu.

Jumapili baada ya ibada niliwakalisha kina mama wa muheme. Ngoma hizo ni zao, huzibana mapajani wakazipiga, wala mwanamume hazigusi. Mama yako, ingawa ndiye kiongozi wao, hakukutetea. Alisema, "Mwombaji ni wewe, mwalimu. Omba."

Nikaomba. Cecilia akasimama, mikono kiunoni. "Miaka yote tumepakiwa kwenye lori kama magunia ya karanga, twende tukamchezee mgeni wa serikali. Sisi juani, mgeni kivulini na soda yake. Tuliapa kwamba basi. Sasa mwanao anatupeleka wapi?"

"Hampelekwi popote. Mtarekodiwa hapa hapa, ghalani kwangu."

"Na kanda ikifika kwa wakubwa wakajichezea nayo?"

"Haitafika."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema."

Joha akaangua kicheko. "Haya, tukipanda lori tena, mwalimu, utatubeba wewe mgongoni!"

Sharti lao ni moja: ngoma zao na sauti zao zisimsifu mtu, awe kiongozi, awe tajiri. Nimewapa neno langu kwa niaba yako. Njoo Jumamosi na wenzako, Marko na Emiliana. Ghala li tupu, na kuta zake ni nene.

Baba yako,
Bartolomayo


Dar es Salaam,
9 Mei 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu. Goti linaendeleaje?

Baba, kanda imetoka vizuri kuliko tulivyotazamia! Kila nikifumba macho naziona zile ngoma ghalani, vumbi likidondoka darini, na Marko amesahau kupiga dramu zake kwa kumtazama mama. Namshukuru Mungu, nakushukuru na wewe.

Wasambazaji niliowafuata huku hawatutaki. Mmoja alisikiliza dakika moja akasema, "Kijana, gitaa lako linalia kama bati. Weka kinanda, ongeza sehemu ya kukata kiuno, halafu urudi." Nikamwambia Kiangazi haina bosi wala haitakuwa naye. Tutanakili kanda wenyewe, moja moja. Emiliana na Marko watauza Dodoma, mimi nitauza huku.

Nimefahamiana na Bwana Khamisi, mwenye studio ya kisasa. Ameupenda wimbo wa kisima. Ameniruhusu kushinda pale na kujifunza mitambo.

Mwanao,
Elisha


Buigiri,
2 Julai 1995

Mwanangu Elisha,

Salamu nyingi. Goti limetulia kwa kuwa mvua zimekwisha. Tumevuna, hatukukosa.

Kanda imefika. Kina mama walijaa uani kuisikiliza. Joha alipojisikia akipiga kigelegele alijificha nyuma ya kanga kama mwari. Mama yako aliniagiza niirudie mara nyingi hata betri zikachoka, kisha akasema, "Kumbe ndivyo tunavyosikika tukiwa hatumchezei mtu." Tangu nimwoe sijamwona akijivuna hadharani. Siku ile alijivuna.

Nami nimeyazoea magitaa yenu. Sisemi nayapenda.

Emiliana alipita kutusalimu. Ameuza kanda zote alizokuwa nazo. Anakuomba umpelekee nyingine. Anasema hujawajibu yeye na Marko. Waandikie. Bendi si mali ya mtu mmoja, wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo.

Baba yako,
Bartolomayo


Dar es Salaam,
20 Agosti 1995

Baba,

Shikamoo. Hatujambo huku. Samahani kwa ufupi wa barua, kazi ni nyingi. Bwana Khamisi amekubali Kiangazi irekodi kanda nzima studioni kwake, bila sisi kutoa chochote. Mengine nitaeleza tukionana. Waambie Marko na Emiliana wavute subira.

Mwanao,
Elisha


Buigiri,
24 Septemba 1995

Elisha,

Salamu. Tu wazima wa mwili.

Jumanne gari la kampeni lenye vipaza sauti lilipita hapa likitokea Chamwino. Kina mama walikuwa kisimani kwa foleni, kile kisima cha zamani chenye maji ya chumvi. Kwanza zikasikika ngoma. Mama yako alizitambua kabla ya mtu mwingine yeyote; aliweka ndoo chini. Kisha kikaja kiitikio chao, kile kile walichoimba ghalani. Juu yake mwanamume nisiyemjua aliimba jina la mgombea ubunge na kumwita mkombozi wa Wagogo. Gitaa lilikuwa lako. Nimelisikia kupitia ukutani muda mrefu mno, siwezi kulikosea.

Kijana wa kipaza sauti alipowaona kina mama alipiga kelele, "Hawa hapa akina mama zetu wa muheme! Mgombea anawapenda! Ijumaa lori litawafuata mkamchezee uwanjani!"

Cecilia aligeuka, akamtazama mama yako. Mama yako akaja nyumbani na ndoo tupu, akanitazama mimi.

Ijumaa lori lilikuja kweli. Walijifungia ndani mpaka lilipoondoka. Sasa kijiji cha pili kinawacheka kwamba wameringa baada ya kula fedha za mgombea, nao hawajaona hata senti.

Nakuuliza swali moja, nataka jibu moja. Ulijua?

Bartolomayo


Dar es Salaam,
15 Oktoba 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nilijua. Bwana Khamisi ndiye anayemtengenezea mgombea yule nyimbo. Alisema atatupa studio kama nitampa kanda ya asili, ile ambayo kila sauti iko kwenye mstari wake, ili achukue ngoma na kiitikio. Nilikataa mara mbili. Baadaye nikafikiri: mashairi ya kisima hayakuguswa, wimbo wetu bado upo. Zile ni ngoma tu, Baba, kila mwaka zinapigwa kwenye sherehe. Na gitaa ni langu mwenyewe. Muziki kama wetu, asiposaidia mtu mwenye mitambo, unafia stoo.

Marko ameniandikia maneno makali. Ameniita kibaraka. Emiliana hakuandika kabisa.

Nitakuja Krismasi na vyombo vipya. Tupige pale uwanjani, bure, kijiji kizima. Tafadhali niongelee kwa mama na wenzake kabla sijafika. Wewe wanakusikiliza.

Mwanao akupendaye,
Elisha


Buigiri,
12 Novemba 1995

Elisha,

Salamu. Goti linauma tena. Mawingu yamekusanyika upande wa mashariki.

Barua yako nimemsomea mama yako yote, bila kuruka neno. Nilipofika kwenye "ngoma tu" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda kupepeta mtama.

Umeandika kwamba ulikataa mara mbili. Sikuwapa kina mama neno la mara mbili.

Marko na Emiliana walikuja wenyewe kwa baiskeli, wakasimama mbele ya kina mama, wakasema hawakujua na wanaona aibu. Joha aliwauliza, "Na huyo mwenzenu hana miguu?" Wakapewa uji. Ngoma hawakupewa, wala hawakuziomba. Wanaendelea wawili, gitaa la besi na dramu, kwa jina jingine. Kiangazi, alisema Emiliana, umekwisha kuiuza.

Nami nilisimama. Nilisema kosa ni langu pia, kwa kuwa nilitoa neno ambalo sikuwa na uwezo wa kulilinda. Hawakunitukana. Cecilia alisema, "Tumekusikia, mwalimu," wakainuka wakaenda zao. Ningependelea matusi.

Ukija, njoo. Nyumba ni yako na chakula kipo. Mama yako atakupikia. Lakini uwanjani hutapiga, na kwa kina mama sitakutangulia. Utakwenda mwenyewe, mchana, bila gitaa.

Jambo moja zaidi. Tangu nistaafu, watu wa hapa walikuwa wakiniletea barua zao niwasomee na kuwaandikia majibu. Wengine wana mambo mazito humo, nami sijawahi kuyatoa nje. Juzi Cecilia alipata barua ya mwanawe aliye Mwanza. Alipita nayo mbele ya mlango wangu, akanisalimu vizuri, akaenda kwa miguu mpaka Chamwino kusomewa na mwenye duka, yule yule anayemlaumu siku zote kwamba anampunja sukari.

Baba yako,
Bartolomayo