Kadi ya Maji Salama

Tarehe 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa kidogo, na kwamba dereva wa lori la mbao amekufikishia bahasha hii bila kuikalia. Mimi na Shangazi hatujambo, ila yeye analalamika kwamba nakula kama ndege.

Kazi nimepata, Baba. Ni ofisi inayotengeneza kamusi ya masomo kwa watoto wa shule: hesabu, sayansi, jiografia. Kila neno lina kadi yake. Naandika maana, halafu naipeleka kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ofisi nzima inamwita Adui. Kazi yake ni kuivunja maana yangu. Akishindwa, anaipiga muhuri na kadi inaingia kwenye trei ya kwenda kiwandani kupigwa chapa.

Jana nilimpelekea kadi ya mraba. Niliandika: “Umbo lenye pande nne zenye urefu sawa.” Akavuta droo, akatoa vijiti vinne vya urefu mmoja vilivyoungwa kwa misumari kwenye pembe. Akavisukuma kwa kidole kimoja, vikalala upande.

“Binti, urefu wa pande umebadilika?”

“Hapana, mzee.”

“Basi huu nao ni mraba?”

Akacheka kicheko cha kutikisa madirisha. Dada wa mezani kwa jiografia akadakia, “Huo mraba umetoka kilabuni!” Wote wakaangua. Nilijua jibu, Baba, kwamba niliziacha pembe, lakini niliinyakua kadi nikatoka mbio. Nilijifungia chooni mpaka muda wa chai ukaisha. Naogopa kurudi mezani kwake.

Binti yako


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujanihama, tunaishi nao kama mpangaji asiye na pa kwenda. Huku kambini tuko tisa, tunajenga madarasa. Milango na madirisha yote ni yangu.

Nimecheka, ila si kwa kukucheka wewe. Fremu za milango hunifanyia hivyo hivyo. Unapima pande, ziko sawasawa, kumbe fremu imelala. Ndiyo maana navuta kamba kona kwa kona, kisha nahamia kona mbili zilizobaki. Kamba zikilingana, ndipo napigilia. Macho yangu yana miaka thelathini kazini na bado siyaamini.

Huyo mzee ni kamba yako. Usimkimbie.

Niandikie maana nyingine, nijigambe kwa hawa jamaa. Tangu mama yako atutoke sijawa na cha kujigambia ila wewe.

Baba yako


Tarehe 18 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tunashukuru kusikia u mzima. Shangazi anasema huyo mpangaji wa mgongoni umkande kwa maji ya moto.

Kazi inakwenda vizuri. Wiki hii nimemaliza kadi kumi na moja za sayansi, na zote zina muhuri. Hii hapa moja ya kujigambia: “Maji salama: maji yasiyo na rangi, harufu wala ladha.” Imekaa vizuri, sivyo? Fupi, haina neno la ziada.

Binti yako


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wiki hii nimekuwa mtu mkubwa kambini!

Mpishi wetu na msimamizi walikuwa wakivutana kwa siku tatu. Mpishi anataka kuchemsha maji ya kisima, msimamizi anasema kuni zimepungua na maji yenyewe ni meupe kama kioo. Nikachomoa barua yako, nikasoma kwa sauti kama hakimu. Tukayatia maji kwenye glasi, tukayaangalia, tukayanusa, tukayaonja. Hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Msimamizi akasema, “Haya, kitabu kimeshasema. Mpishi, una lingine?” Mpishi akajibu, “Mimi ni nani nibishane na kitabu.”

Tangu juzi hatuchemshi tena. Kila anayekunywa ananiambia, “Asante, baba mwandishi.”

Baba yako


Tarehe 26 Machi

Baba,

Shikamoo. Chemsheni maji. Ukisoma hapa, weka barua chini, ukawaambie sasa hivi, kisha urudi umalizie.

Muhuri ule niliupiga mimi. Adui alikuwa ametoka kwenda kununua miwani, na droo yake haifungwi. Nilizipiga muhuri kadi zote kumi na moja nikazitia kwenye trei, kwa sababu sikutaka kuchekwa tena. Hakuna mtu aliyezivunja. Hata mimi sikujaribu.

Nilipofika kwenye ile glasi yenu ndipo nikaona. Vijidudu vya kuharisha havina rangi, wala harufu, wala ladha. Maana yangu imevikaribisha vyote ndani, kama vile vijiti vilivyolala.

Dereva yuko chini anapiga honi. Nijibu hata neno moja, Baba. Sijamwambia mtu yeyote ofisini.

Binti yako


Tarehe 3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Lori limerudi bila barua yako. Nimemuuliza dereva. Kasema alipofika hakusikia nyundo hata moja, na barua yangu aliiacha kwa msimamizi. Nikamuuliza, “Baba yangu umemwona?” Kasema, “Watu wamelala, binti. Sikuhesabu.” Kwa nini hakuhesabu?

Leo asubuhi nimekwenda kwa Adui. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, ila badala ya kuyasoma nikamkabidhi karatasi yenyewe. Hakucheka. Aliisoma mara mbili.

“Ulinikimbia kwa sababu ya kicheko changu?”

“Ndiyo, mzee.”

Akavua miwani. “Baba yako yuko kwenye maji hayo?”

Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua kofia yake tukaenda kiwandani kwa miguu, yeye mbele, mimi nakimbia nyuma. Mashine ilikuwa inaunguruma. Karatasi zenye kadi yangu zimepangwa sakafuni, zinanifika kiunoni. Mzee akapaza sauti, “Zima!” Wakazima. Kimya kile kiliniogopesha kuliko kelele.

Kisha tukazivunja zote kumi na moja pale pale, juu ya boksi. Saba zilivunjika. Mama Mhariri, mkuu wa ofisi yetu, amesimamisha uchapaji mpaka kadi zote zipate muhuri wa kweli, na bado hajasema kama mimi nabaki au naondoka. Sijali sana, Baba. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndiyo kweli.

Hii ndiyo kadi mpya: “Maji salama: maji yasiyo na vijidudu wala sumu inayoweza kumdhuru anayeyanywa. Hayatambuliwi kwa macho, pua wala ulimi. Maji ya kisima yachemshwe hadi yatokote, kisha yahifadhiwe kwenye chombo safi chenye kifuniko.” Mzee hajaipiga muhuri. Anasema anasubiri mtu mmoja aisome kwanza.

Kila lori likipita barabarani nasimama dirishani. Shangazi ameacha kuniambia nile.

Baba, andika jina langu tu. Inatosha.

Binti yako


Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni wangu. Mistari imelala kwa sababu mkono bado hauna nguvu.

Tuliugua sita. Mimi siku nne sikujua jua linatokea wapi. Msimamizi naye aliugua, ndiye aliyekaa na barua yako mfukoni bila kuifungua. Sasa tunakunywa uji, na maji tunachemsha. Mpishi alipelekwa hospitali amefungwa kwenye blanketi, na mpaka leo hatujapata habari zake. Yeye ndiye aliyetaka kuchemsha. Namwombea kila ninapoamka, nawe mwombee.

Sitakudanganya kwamba haikuwa kadi yako. Ilikuwa kadi yako. Lakini mimi, ambaye siamini macho yangu kwenye fremu ya dirisha la choo, niliyasoma maneno yako mbele ya watu bila kuyavutia kamba. Niliyaona yamesimama kwa sababu ni yako. Kosa hilo ni langu, usininyang'anye.

Kadi mpya nimeisoma hapa kitandani, nikajifanya Adui. Umesema yachemshwe, umesema yafunikwe. Sasa sikiliza. Sisi tisa tuna kikombe kimoja cha bati, kimefungwa kwa mnyororo kwenye pipa, na tangu tufike hakuna aliyekiosha.

Mwambie mzee asipige muhuri bado.

Baba yako