Baba Mkwe Anajivunia Miale Iliyochongwa na Mashine Yangu

Shangazi Velika mpendwa,

Nakuandikia vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zangu, na naomba uninusuru kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, maana ikipita hiyo nitakuwa nimechelewa, na usishangae nikianza na mashine badala ya kuanza na shida, kwa sababu nisipokueleza mashine hutaelewa imekuwaje mwanamke mwenye akili zake timamu, fundi wa mashine za kufuma soksi kwa miaka kumi na tisa, akajiingiza kwenye uongo wa namna hii.

Mwaka jana ofisi moja hapa mjini ilitupa mashine tatu kuukuu za kutolea kopi, nikazibeba kwa toroli hadi nyumbani, nikazifungua, na ndani nikakuta reli za chuma zilizonyooka vizuri ajabu na mota ndogo ambazo hazizunguki ovyo kama mota nyingine bali hupiga hatua, ukiiambia nenda hatua mia mbili inakwenda mia mbili na kusimama papo hapo. Shangazi, nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Siku hiyohiyo niliamua kujitengenezea mashine ya CNC, yaani ile inayochonga mbao yenyewe kwa kufuata mchoro ulio kwenye kompyuta, mota moja ikisukuma kisu kulia na kushoto, ya pili mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Mume wangu Stanimir, anayeendesha lori kwenda Ugiriki na kurudi Ijumaa, akaniuliza kwa simu kama nimekosa kazi ya kufanya. Nikamwambia kazi ninayo, nilichokosa ni skrubu ndefu mbili, aniletee.

Miezi saba nimeishi kwenye chumba cha chini, kati ya pipa la kabichi za chumvi na chupa za pilipili za majira ya baridi. Fremu ya kwanza niliiunda kwa plaiwudi, ikayumba kama mlevi harusini, nikaibomoa, nikachomelea ya chuma. Siku ya kwanza ya kuiwasha nilifunga kalamu mahali pa kisu nikaiamuru ichore duara nyuma ya kalenda, ikanichorea kiazi. Nikapima, nikakuta boriti moja imeinama unene wa kucha mbili tu, nikainyoosha, ikachora yai. Nikapima tena, nikalegeza, nikakaza, na mara ya tatu kalamu ilizunguka ikarudi ilikoanzia, na ncha mbili za mstari zikakutana hata nisione pa kuungia. Nilipanda ngazi nikikimbia na karatasi mkononi kama mtoto aliyefaulu mtihani, na nyumbani hakuwepo mtu ila Baba Yonko.

Baba Yonko ni baba wa mume wangu, ana miaka sabini na minne, mchonga mbao, na nusu ya milango mizuri ya mji huu imepita mikononi mwake. Alilitazama duara langu, akasema, "Hata glasi inachora duara," akarudi kwenye gazeti lake.

Sasa shida yenyewe. Miaka mitatu iliyopita jumba la utamaduni lilimwagiza jua la dari, yale mapambo ya mbao yenye umbo la jua tunayoyajua sote, lenye miale kumi na sita ya mti wa jozi. Alichonga kumi na mmoja. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Alilifunika jua kwa blanketi, na kila mtu akimuuliza anajibu kwamba mbao haijakauka, na sisi tunaitikia kwa kichwa, ingawa mbao hiyo ilikatwa kabla sijaolewa. Ndugu wa karibu tunasikia tu patasi ikidondoka sakafuni, na hakuna anayefungua mlango.

Nakuapia, mwanzoni nilitaka tu kuona kama mashine inaweza. Nilichukua mwale mmoja uliokamilika, nikafunga sindano mahali pa kisu, na mashine ikaupapasa mwale ule nukta kwa nukta siku mbili nzima, ikiandika kila bonde na kila jani. Mwale wa kwanza uliharibika kwa sababu skrubu ililegea, kisu kikazama. Wa pili ulivunjika ncha. Wa tatu, Shangazi, nilisimama pale tangu asubuhi bila kunywa hata kahawa, na nikaona jani la Baba Yonko likijitokeza kwenye mbao tupu kama mtu anayetoka kwenye ukungu, kwanza bega, kisha shingo, kisha mishipa ya jani, na nikasahau kama nina miguu. Mikwaruzo iliyobaki nikaisawazisha kwa patasi yake mwenyewe, nikauacha mwale mezani, nikaenda kazini zamu ya mchana.

Niliporudi haukuwepo. Baba alikuwa ameshuka kuchukua kabichi.

Jumapili tukiwa mezani, Stanimir naye yupo, Baba aliutoa mwale chini ya leso akauweka katikati ya sahani. Akasema, "Huu ulipotea. Niliuchonga mkono ulipokuwa bado unanisikia." Stanimir akanitazama. Mimi, mdomo ukanitangulia, nikasema, "Ndiyo, baba, niliuona nyuma ya pipa."

Ningenyamaza tu, labda ningeokoka. Lakini Baba alibadilika. Alinyoa ndevu. Alitoa patasi zote akazinoa. Akaanza kutania tena, akaniita mkuu wa mapipa. Baada ya siku chache akaniambia nitazame vizuri kule chini, huenda alipoteza na mwingine, na kama nitauona, anakumbuka ule ulikuwa mwembamba kidogo shingoni. Na mimi nikashuka, nikarekebisha mchoro kwenye kompyuta, nikaupunguza shingoni, nikauchonga, nikauona nyuma ya pipa.

Sasa imebaki mitatu. Jumba limetangaza kwamba jua litapandishwa siku ya Mtakatifu Dimitri na Baba atasimama mbele ya watu. Juzi alikuja Minko, mchongaji mwenzake wa ujanani ambaye wameshindana naye miaka arobaini, akaushika mwale wa pili, akaugeuza mwangani, akasema, "Yonko, mkono uliochonga huu hautetemeki. Wala hauchoki." Akauweka chini, akaaga. Mimi nilibaki jikoni nikikanda unga ambao ulishakandwa.

Stanimir ananiambia niache, mzee ana furaha, nani ameumia? Lakini naogopa Minko atasema hadharani, Baba aaibike mbele ya mji mzima. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia hata mume wangu. Baba akisifiwa kwa miale ile mimi nasikia wivu, Shangazi. Nataka kupiga kelele kwamba ni mimi, ni mashine yangu, niliyoitoa kwenye takataka mota kwa mota. Mkwe gani huyu anayemwonea wivu mzee mgonjwa? Nimwambie au nichonge mitatu iliyobaki ninyamaze?

Zdravka


SHANGAZI VELIKA ANAJIBU

Wasomaji, barua hii sikuichapisha ilipofika. Mji wetu ni mdogo na Minko ananunua gazeti. Nilimtumia Zdravka jibu kwa posta siku ileile, na leo ninalichapisha kwa ruhusa yake na ya baba mkwe wake.

Zdravka, kwanza hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Kutoka kiazi hadi duara si safari fupi, na aliyeimaliza hana haja ya kujificha nyuma ya pipa.

Baada ya hongera, nikukemee. Unasema umedanganya kwa ajili ya mzee, lakini mashine imetapakaa kwenye barua yako kama unga kwenye meza ya kutengenezea banitsa, ile pai yetu ya jibini, na mzee nimemtafuta kwa kurunzi. Mwale wa kwanza ulimfikia kwa bahati mbaya. Wa pili uliuchonga kwa sababu ulipenda kuuchonga. Kubali hilo, nafsi itapumua.

Wivu wako usikutishe. Fundi anayefurahi kazi yake ikipewa jina la mwingine sijamwona bado, na nimeishi muda mrefu. Si dhambi kutaka kujulikana. Kosa ni kuitaka sifa huku umefunga mlango.

Pili, wewe ni fundi hodari lakini msikilizaji mbovu. Mtu aliyechonga miaka hamsini hajui idadi ya miale yake? Mama husahau amezaa wangapi? Baba yako amekueleza wa pili uwe mwembamba shingoni. Mwanangu, mtu humwagiza fundi, haliagizi pipa la kabichi. Anajua. Amejua tangu Jumapili ile. Huenda alisema vile mezani ili akupe nafasi ya kusema ukweli, nawe ukampa pipa. Sasa mnadanganyana wawili kwa adabu kubwa, na kila mmoja anamngoja mwenzake achoke.

Fanya hivi. Usichonge mwale mwingine wowote. Jumamosi asubuhi, akishamaliza kahawa, mshushe chini, na Stanimir abaki juu na maoni yake. Washa mashine mbele ya macho yake, aione ikitembea. Kisha mwambie: mashine hii nimeitengeneza mimi, miale ile miwili imetoka hapa, nami nilikudanganya. Hapo funga mdomo. Usiongeze kwamba ulitaka kumfurahisha. Usilie, maana ukilia atalazimika kukubembeleza, na zamu ya kubembelezwa si yako. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Na jumba la utamaduni lipigie simu leo, useme jua litachelewa. Dari iliyongoja miaka mitatu haitaanguka kwa kungoja mwezi.


Zdravka alinijibu wiki sita baadaye, na haki yenu mjue yaliyotokea.

Alimshusha Jumamosi kama nilivyosema. Mzee alisimama akiangalia mashine ikienda na kurudi, akasikiliza maneno yote, akasema, "Nilidhani utanifikisha kumi na sita ndipo useme." Kisha akapanda juu, akaichukua ile miale miwili, akaitia kwenye jiko la kuni. Zdravka aliiona ikiungua, siku mbili za kupapasa kwa sindano na siku mbili za kuchonga, na anasema hakuwahi kuumwa moyo vile kwa kitu cha mbao. Siku tatu Baba Yonko alikula chumbani kwake. Stanimir akamwambia mkewe kwamba alimwonya. Zdravka akamwambia arudi Ugiriki.

Siku ya nne mzee alishuka mwenyewe, na penseli na karatasi kwapani. Hakusalimia. Aliishika mashine kila mahali, akauliza kisu kinaingia mbao upande gani, akamgombeza kwamba kinakula kinyume cha nyuzi, na mbao ya jozi haifanyiwi hivyo. Akakaa, akachora mwale mpya. Mkono ulitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho wa mstari. Zdravka aliuingiza mchoro kwenye kompyuta, na kwa mazoea akaanza kuunyoosha.

"Nani amekutuma unyooshe?"

"Baba, mstari unatetemeka."

"Ndio mkono nilio nao. Chonga hivyohivyo."

Akauchonga hivyohivyo. Kisu kilifuata kila mtikisiko, na ukingo wa mwale ukatoka na mawimbi madogo, kama ulimi wa moto unaoguswa na upepo. Mzee alipitisha kidole juu yake mara nyingi. Akasema ncha ni nene mno. Wakauchonga tena. Ilichukua wiki tano, miale mitano, na ugomvi ambao Zdravka anasema majirani wanaujua kwa moyo.

Jua lilipandishwa Jumapili ya pili ya Novemba. Mimi nilikwenda. Miale kumi na mmoja imetulia na mitano inawaka, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa ni ipi. Minko alikuwepo, shingo imemwelekea juu mpaka nikamwogopea. Mwishowe aliuliza ukingo ule umechongwa kwa patasi gani.

"Muulize mkwe wangu," akasema Baba Yonko. "Mimi nimechora tu."

Minko akamgeukia Zdravka, akavua kofia, akauliza upya. Zdravka akaanza na mashine za kutolea kopi, na nilipoondoka alikuwa bado hajafika kwenye kiazi.

Sasa, Zdravka, neno la mwisho, maana umeniandikia kwamba baba yako siku hizi anaiwasha mashine mwenyewe ukiwa kazini. Mfungie swichi kubwa ya kuizima, nyekundu, pana kama kiganja, upande wa kulia, mahali ambapo mkono unaotetemeka hauwezi kuikosa. Ifunge wiki hii. Usimwombe ruhusa.