Kuku Aliyeliwa kwa Papa Elisha

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijasema neno lingine: magoti yako? Bado unapanda kile kilima cha Kadutu na ndoo ya maji kichwani, ama umekubali batoto ba jirani wakusaidie? Nakujua, hujakubali. Huku tunasikia mambo ya Bukavu kwa redio, usingizi unanikimbia. Kisha anatokea mfanyabiashara mmoja wa Uvira, ananiambia mama yako nilimwona sokoni anagombana na muuza samaki wa ndagala, hapo njo ninapata usingizi. Huyo huyo atakuletea barua hii kupitia Kigoma, pamoja na sabuni na kitenge. Kitenge ni chako, usimpe mtu.

Mi niko mzima, Mama, tena nimenenepa. Wiki nzima ninakuwa Lilongwe, mtaa wa Kawale, katika biro ndogo ya avoka Mmalawi, mzee Kapito. Jumamosi ninarudi Dzaleka, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, ninaweka meza kando ya kanisa, na wenye kesi wanakuja. Serikali ya huku haitambui kanzu yangu nyeusi ya uwakili niliyovaa Bukavu, kwa hiyo siwezi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Lakini yote yanayotangulia kusimama ni kazi yangu. Ninasikiliza, ninatafsiri, ninatafuta mashahidi, ninawaambia bantu wapanguse machozi waanze habari mwanzo wake. Mzee Kapito yeye anasimama na kusema. Anasema vizuri, simnyimi sifa yake, ila faili inamfikia ikiwa imekwisha kuiva.

Acha nikuelezee kesi moja iliyonichekesha na kuniliza. Kuna mwanamke wa Fizi, Riziki, mshonaji. Aliolewa na Mmalawi, Samson, seremala wa hapa Kawale, mtu mpole sana, wakazaa batoto mbili. Masika iliyopita Samson akafa kwa ugonjwa. Hata matanga hayajaisha, kaka yake, Lackson, akatia kufuli nyumbani, cherehani ya Riziki ikabaki ndani, na yeye akaambiwa arudi kambini kwao. Eti hakuwa mke, alikuwa mwanamke wa kupitisha wakati tu. Riziki alikuja kwangu mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Nyumba aliitaka, lakini lililomuuma zaidi ni lile neno.

“Yaya Nabintu, dada yangu,” akaniuliza, “batoto yangu bataitwa ba nani?”

Basi nikajifanya mjuzi. Nikatayarisha mashahidi vile tungefanya kwetu: pastori, majirani, na habari ya mahari ambayo Samson aliituma kwa ndugu za Riziki kule Fizi. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, alisikiliza yote bila haraka. Kisha akauliza jambo moja tu: nkhoswe wa mwanamke ni nani? Riziki akajibu kwamba hana. Lackson akatabasamu. Hakimu akasema pasipo nkhoswe hakuna ndoa, akaahirisha kesi mpaka wiki iliyofuata ili tumtafute.

Tulipotoka nje nilimgeukia mzee Kapito karibu nimrarue. Mbona hakuniambia? Akashangaa kweli, masikini, alidhani jambo hilo linajulikana dunia nzima. Kumbe kwa Wachewa, kabila la kina Samson, mahari si kitu. Kila upande unaweka msimamizi wa ndoa, njo huyo nkhoswe, mara nyingi ni mjomba. Wasimamizi wanakutana, upande wa mwanaume unatoa jogoo, upande wa mwanamke unatoa kuku jike, wanakula, imekwisha. Mama, wewe uliyetolewa ng'ombe kilima kizima kikitazama, nakuona unavyoshika mbavu kwa kucheka. Lakini huku bila kuku hao we si mke, hata uzae batoto kumi.

Jumamosi nikamkalisha Riziki kwenye meza yangu. Nikamwambia anieleze siku Samson alipokuja kumwomba, kila kitu, hata kilicholiwa. Akasema Samson alikuja kambini na mjomba wake, mzee kutoka Madisi. Riziki hana baba wala mjomba huku, kwa hiyo wageni walipokelewa kwa Papa Elisha, shemasi wetu, maana naye ni wa Fizi. Walileta nini? Unga wa kupika nsima, ule ugali wa huku, na jogoo. Nanyi mliwapa nini? Riziki akaona haya kidogo. Haikufaa wageni waondoke mikono mitupu, akasema, na nyumbani hapakuwa na kitu. Basi Papa Elisha alimkamata kuku wake jike, akamfunga miguu, akamkabidhi yule mzee.

Niliruka pale kitini, bantu wakadhani nimeumwa na nge.

Sasa kazi ikawa kumleta Papa Elisha. Mzee huyu alipoteza mke na binti zake wote njiani wakati wa kukimbia. Anaishi peke yake, anachonga mipini ya majembe, na hakuna anayebisha mlango wake isipokuwa kwa mambo ya kanisa. Nilipomwambia mahakama inataka kusikia habari ya yule jogoo, akaogopa akidhani ameshitakiwa. Akaniomba nimwambie hakimu kwamba yuko tayari kurudisha jogoo mwingine, mkubwa kuliko yule. Nilicheka mpaka akaninunia.

Siku ya kesi akasimama na koti la kuazima. Ndiyo, alikula, akasema, lakini hakula peke yake, hata pastori alikuwepo, na mapaja yote mawili njo alichukua pastori. Mahakama nzima ikacheka, na mi nikatafsiri huku najiuma mdomo. Lackson akajibu kwamba ile ilikuwa zawadi ya kawaida, kwa maana wakimbizi hawa hawajui desturi. Na hapo alisema kweli, Mama, hawakuijua. Alibaki shahidi mmoja, yule mjomba wa Madisi, ambaye mzee Kapito aliomba aitwe. Lakini yeye ni mjomba wa Samson na wa Lackson pia. Kama angesema amesahau, basi Riziki amekwisha.

Mzee wa Madisi alivua kofia, akasimama mbele ya hakimu. Riziki hakuinua macho.

“Wao labda hawakujua,” akasema. “Mimi nilijua. Nilipeleka jogoo, nikapewa kuku, nikarudi nikamwambia dada yangu kwamba mtoto wetu ameoa. Yule kuku bado anataga nyumbani kwangu.”

Hakimu akaamua kwamba Riziki ni mke wa Samson na nyumba ifunguliwe. Kisha akamgeukia Papa Elisha, akamwambia kazi ya nkhoswe haiishii kwenye kula. Riziki akiumwa, akigombana na mtu, akifiwa, ataitwa yeye. Nikamtafsiria. Akaniomba nirudie, nikarudia.

“Mimi?” akauliza. “Bataniita mimi?”

Kule nyumbani Lackson hakumpa Riziki ufunguo, alimpa Papa Elisha. Sijui kama ilikuwa desturi ama hasira. Mzee akafungua mlango, akasogea pembeni, akamwambia ingia, binti yangu. Cherehani ilikuwa imejaa vumbi. Riziki akaikumbatia akalia, na mi nikalia naye, avoka mzima, batoto wakitushangaa. Siku hizi anashona tena, na Papa Elisha anakuja kila akipata nafasi kumtengenezea paa kabla ya mvua.

Usinisikitikie, Mama. Nilipovuka mpaka nilifikiri kazi yangu imebaki Bukavu na vitabu vyangu. Haikubaki. Ninaipenda kuliko zamani, na jioni nikifunga biro nina furaha.

Nisalimie kaka yangu Bahati, mwambie aache ubishi na askari wa barabarani. Nisalimie shangazi Mapendo na baba mdogo Cirhuza, nimesikia amepona macho, nimeshukuru. Mpe mkono mama Noela jirani yetu kwa kukuangalia.

Papa Elisha yuko hapa mezani ananitazama nikiandika, naye anataka nitie salamu zake kwako. Kwa kuwa hamjuani, nimemuuliza nimtaje kuwa ni nani: shemasi, mtu wa Fizi, fundi wa mipini? Amefikiri kidogo. Amesema niandike hivi: Elisha, baba yake na Riziki.

Mtoto wako anayekupenda,
Nabintu